Kiti cha Shangazi Rashuda

Alikileta kimefungwa kanga
kama mtoto aliyelala safarini,
akakitua mezani kwangu, baina ya mkasi na gundi.
Kanga ikasema: NIMEKAA PANGU, SIKUKALIA LAKO.
Nikafungua. Bati lenye kutu,
na ganda la plastiki lililopasuka kama kisigino.
“Kiuno changu,” alisema, “kimekuwa redio mbovu.
Kila tuta lina kituo chake.”

Hapa sanaiya ya Ibra nashona viti vya magari,
vya watu wanaokwenda Maskati na kurudi bila kujua wamekaa.
Trekta sijapata kushona.
Tena kitrekta chenyewe kidogo, kinapita chini ya mitende
kama mbuzi anayejua njia.
Zamani akikiendesha Jashimu; Jashimu karudi kwao Chitagongi
kuoza binti, na hakusema lini.
Basi shangazi, miaka hamsini na tisa,
akajitanda shela, akatia ufunguo.

Nimeshonea wakubwa, nikajisemea, hichi nini?
Nikaweka sponji vidole vinne,
ngozi nyeusi iliyobaki kwenye kiti cha tajiri mmoja,
mshono maradufu, kazi ya kuonyesha watu.

Siku ya tatu, simu.
“Mwanangu, umenipandisha kwenye kiti cha enzi.
Miguu haifiki kwenye klachi.
Makuti yananivua shela.
Na saa sita mchana ile ngozi yako ni chuma cha chapati:
nimekaa, nimeruka, majirani wamecheka.”
Akanyamaza. Kisha, chini kwa chini:
“Tena nimevunja ukingo wa falaji.
Zamani ardhi ikiniambia kwa makalio: hapa jiwe, hapa maji.
Sasa hainiambii kitu.”

Ukingo wa falaji si mchezo. Maji yale yana zamu,
zamu zina wenyewe, na wenyewe wana midomo.

Ijumaa baada ya sala nikaenda,
nikachutama kwenye kivuli cha ukuta wa udongo,
nikamtazama akilima kitalu cha majani ya mbuzi.
Hapo nikaona nisichokiona mezani:
kila hatua mbili tatu hugeuka nyuma kulitazama jembe,
bega la kulia linashuka, mwili wote unalalia paja moja,
anarudi mbele, halafu tena.
Siku nzima mtu anasokotwa kama kamba.
Nikalikumbuka lile bati, nikarudi kulipapasa:
upande wa kulia kutu imelika, pameng'aa kama sahani.
Jibu lilikuwa limeandikwa. Mimi nikalifunika.

Basi nikafumua. Inauma kufumua mshono mzuri.
Sponji nikaacha kidole kimoja, ile ngumu;
kulia nikaongeza nusu;
nyuma nikakata mwanya, mfupa wa mkia upate kupumua.
Chini ya bati, springi mbili za kiti cha baiskeli
na vipande vya mpira wa injini.
Vibano nikaviteremsha tundu moja.
Juu, turubai jeupe la hema, halina mng'aro, halina moto.
Kiti kibaya kwa macho. Sikukipiga picha.

Akapanda. Akaenda mpaka mwisho wa mitende,
akageuka, akarudi, akaenda tena,
na mimi pale, spana mkononi,
kama mtu aliyepeleka posa.
Alipozima injini nikauliza: “Vipi?”
“Vipi nini?”
“Kiti.”
Akafikiri. “Ah. Nilikisahau.”

Akanijazia ndoo ya khalasi. Usiku nikarudi dukani
kumalizia kiti cha mtu wa Suri,
nimekaa juu ya debe la rangi
nililolikalia miaka kumi na moja.
Ukingo wake unakata nyama.
Mganga, wanasema.
Nikaokota kipande cha sponji kilichobaki,
nikakitazama,
nikakirudisha kapuni. Kesho.